Dada Yetu, Dokta Funga

Ndugu wafiwa, majirani, wanafunzi, na ninyi nyote mliofanya kazi na marehemu, mimi ni mdogo wake wa pekee, fundi wa majokofu, na familia imenikabidhi karatasi hizi nizisome kwa sababu shemeji yangu hawezi na binti yao hataki, nami nimekubali kwa kuwa tangu Jumanne sihisi kitu, si uchungu, si njaa, si usingizi, kwa hiyo sauti yangu haitakatika, na mkiona ninasoma kama mtu anayesoma maelekezo kwenye chupa ya dawa, mnivumilie, ndivyo nilivyo wiki hii.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Februari 1968, alfajiri, katika hospitali ya wilaya, akiwa mtoto wa kwanza wa baba mpiga chapa na mama mshonaji, na alikulia katika vyumba viwili vya ghorofa ya pili, juu ya duka la rangi, ambako ukuta wa ngazi ulikuwa na madoa ya kila rangi iliyowahi kuuzwa pale chini. Baba alikuwa akileta nyumbani karatasi zilizoharibika mtamboni, upande mmoja zina maandishi yaliyopinda au rangi zilizopishana, upande wa pili ni nyeupe, na hizo ndizo zilizokuwa madaftari ya dada yangu, akiandika upande mweupe na kusoma upande ulioharibika, mpaka mama akawa anawaambia wateja wake kwamba mtoto huyu amejua kusoma makosa kabla ya kujua kusoma maneno. Mimi nilizaliwa tarehe 9 Novemba 1975, na nimesimuliwa mara nyingi kwamba nilipoletwa nyumbani, dada aliniangalia kwa muda, akamwuliza mama kama kuna siku ya kunirudisha.

Alianza darasa la kwanza Januari 1975 katika shule ya msingi iliyokuwa nyuma ya kiwanda cha sabuni, na akiwa darasa la sita, tarehe 17 Julai 1980, siku ya Alhamisi, mama yetu alifariki. Nalisoma hili jinsi lilivyotokea, kwa sababu wengi wenu hamkuwahi kulisikia kwake. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu, mama alikuwa na homa, mimi nilikuwa na kikohozi, basi mama akaingiza jiko la mkaa chumbani tupate joto, akafunga dirisha, akaziba chini ya mlango kwa vipande vya kitambaa ili upepo usinifikie, akanilaza, naye akajilaza. Dada alirudi kutoka shule saa kumi na nusu jioni, akasukuma mlango, akatukuta tumelala na hatuamki, akanivuta kwa miguu mpaka kwenye ngazi, akarudi kumvuta mama, akashindwa, alikuwa na miaka kumi na miwili, akashuka mbio kumwita mwenye duka la rangi, na walipopanda naye mama alikuwa bado anapumua kidogo, ila hospitalini hakufika na pumzi hiyo.

Daktari alimweleza baba kwamba ni hewa ya mkaa, kaboni monoksaidi, haina rangi, haina harufu, ikiingia mwilini inashika damu mahali palipokuwa pa hewa nzuri na haitaki kuachia. Baba aliniambia miaka mingi baadaye kwamba dada alikuwa amesimama pale na viatu vya shule vimelowa, akamwuliza daktari, "Kama haina rangi, nyinyi mnaionaje?" Daktari akamjibu, "Hatuioni, binti yangu. Tunaona ilichokifanya." Baba alisema dada hakulia, aliuliza swali hilo moja tu, kisha akaomba maji ya kunywa.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1981, akaendelea na sekondari ya wasichana kuanzia Januari 1982 hadi Novemba 1987, bwenini, akirudi likizo na kunipima urefu kwa kunisimamisha kwenye mwimo wa mlango, na mwaka 1988 akaingia chuo kikuu kusomea kemia, ambako alihitimu tarehe 30 Novemba 1991 katika daraja la kwanza. Alifundisha sekondari kwa miaka miwili na nusu, kisha Septemba 1994 akapata nafasi ya masomo ya juu ng'ambo, ambako alijifunza kusoma molekuli kwa mwanga wa leza, akapata udaktari wake tarehe 18 Juni 1999. Katika muda huo baba yetu alifariki, tarehe 11 Mei 1997, na dada alifika siku ya tatu baada ya maziko, akiwa na mkoba mmoja mkononi, akaniuliza kama baba alikula chochote siku ile, nikamwambia alikula nusu ya chungwa, akatikisa kichwa, tukaingia ndani.

Tarehe 1 Februari 2000 aliajiriwa katika taasisi ya utafiti wa nishati, akapewa chumba cha chini kabisa cha jengo, kilichokuwa stoo ya viti vilivyovunjika, na hapo alifanya kazi miaka ishirini na minne. Kwa wale ambao hamkuwahi kuelewa alikuwa akifanya nini, na mimi nilikuwa mmoja wenu, kuna kifaa kinachopokea hidrojeni upande mmoja na hewa upande wa pili, kikatoa umeme bila kuunguza kitu, na taka yake ni maji tu, na ndani yake kuna mabamba yanayoitwa elektrodi, yaliyopakwa platini, madini ya thamani kama dhahabu, ambapo kazi yote hufanyika. Shida ni kwamba hidrojeni ikiwa na chembe kidogo za kaboni monoksaidi, chembe hizo hunata juu ya platini, moja baada ya nyingine, mpaka hakuna nafasi iliyobaki, umeme unafifia, na ukikifungua kifaa hukuti kilichovunjika wala kilichoungua, kila kitu kipo mahali pake, ila kimezibwa pumzi.

Kazi ya dada ilikuwa kuzitazama molekuli hizo zikiwa hapo hapo juu ya platini, ndani ya maji, umeme ukipita, jambo ambalo hakuna jicho wala darubini ya kawaida inayoliweza. Alichukua miale miwili ya leza, mmoja wa kijani, mwingine usioonekana, akaielekeza ikutane juu ya kipande cha platini kidogo kuliko kifungo cha shati, na inapokutana unazaliwa mwale wa tatu, dhaifu mno, uliobeba mtikisiko wa molekuli zenyewe na kujichora kwenye skrini kama mstari, kwa maana kila molekuli hutikisika kwa namna yake, na aliponiambia kwamba ni kama kila jokofu lilivyo na mngurumo wake, hapo ndipo nami nilipoambulia kitu. Mwale ule wa tatu ulikuwa dhaifu kiasi kwamba mtu akifungua mlango, taa ya ukumbini iliweza kumeza kazi ya asubuhi nzima, ndiyo sababu dada alikuwa akipaza sauti "Funga!" kabla hajajua ni nani aliyeingia, mkurugenzi mwenyewe alifukuzwa hivyo mara mbili, na wanafunzi wakampa jina la Dokta Funga, ambalo alilijua, na alijifanya halijui.

Alifunga ndoa tarehe 1 Juni 2002 na mtengeneza miwani, ambaye ndiye shemeji yangu aliyekaa pale mbele, na walikutana dukani kwake pale dada alipokwenda kutafuta vioo vya kukinga macho dhidi ya leza, shemeji akapenda kusema kwamba kwa miaka kumi na mmoja wateja wote walimwuliza miwani hii inaonyesha nini, na huyu ndiye wa kwanza kumwuliza inazuia nini. Mwenyezi Mungu aliwajalia mtoto mmoja, binti, aliyezaliwa tarehe 22 Septemba 2004. Nyumbani kwao madirisha hayakufungwa, mvua inyeshe, baridi ipige, mapazia yalikuwa yamechakaa upande mmoja kwa kupigwa na upepo, shemeji alilala na sweta, na wageni walikuwa wakitania kwamba Dokta Funga akifika kwake anageuka Mama Fungua, naye anacheka pamoja nao, wala haelezi.

Hapa natoka kidogo kwenye mpangilio wa karatasi. Mwezi wa Agosti 2006 mtambo wa kupooza maji ya leza uliharibika, mafundi wake walikuwa ng'ambo, dada akanipigia simu, akasema, "Mdogo wangu, njoo na spana zako, na usije na marashi." Nilikwenda, nikashuka ngazi, nikapita mlango wenye taa nyekundu, pazia jeusi, halafu pazia jeusi la pili, nikaikuta meza kubwa ya chuma iliyokaa juu ya hewa iliyoshindiliwa ili isitikisike, imejaa vioo vidogo vilivyosimama kama watoto kwenye mstari. Mtambo wenyewe haukuwa na maajabu, ni jokofu tu lililovaa suti, pampu ilikuwa imekwama, na wakati ninaifungua nilimwuliza, kwa sababu nilikuwa nimelisoma neno lile kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani.

Nikasema, "Dada, hii kaboni monoksaidi ndiyo ile?"

Akasema, "Ile ipi?"

Nikasema, "Ya mama."

Alikuwa anafuta kioo, akamaliza kukifuta, akakirudisha kwenye kishikizo chake, akasema, "Ndiyo hiyo hiyo. Inavyoshika damu ndivyo inavyoshika platini." Nikashika spana, nikidhani yameisha, naye bila kugeuka akasema, "Wewe ulikuwa karibu na mlango, ndiyo maana nilianza na wewe. Sikuchagua. Nataka ujue kwamba sikuchagua." Nikamwambia, "Najua, dada," ingawa sikuwa najua, katika umri wangu wote haikuwahi kunipitia akilini kwamba palikuwa na kuchagua, na yeye alikuwa amelibeba jambo hilo miaka ishirini na sita. Akaniambia nisiegemee meza, nikarudi kwenye pampu yangu, na saa kumi jioni leza ikawaka. Hatukulizungumza tena.

Narudi kwenye karatasi. Machi 2011 marehemu alichapisha ripoti iliyomletea sifa kubwa katika kazi yake, akieleza kwamba juu ya platini ameona, mbali na kaboni monoksaidi, dalili ya molekuli nyingine ambayo hakuna aliyewahi kuiona mahali hapo, inayotokea umeme ukiwa mdogo na kutoweka ukiongezwa, na kwa ripoti hiyo alialikwa mikutanoni, taasisi ikapewa mradi wa miaka mitano, naye akatajwa kuwa ndiye atakayeuongoza. Tarehe 5 Novemba 2012 fundi wa maabara, ambaye nyote mnamwita Mzee Skrubu, alibadilisha pete ya mpira inayozuia maji yasivuje kwenye kidirisha cha kifaa cha kupimia, kwa sababu ya zamani ilikuwa imechoka, na hii mpya hakuipaka grisi kama ile ya zamani, kwa sababu grisi ilikuwa imekwisha. Walipima juma zima. Siku ya Ijumaa Mzee Skrubu akamwambia, "Dokta, tangu nibadilishe mpira ule, yule mgeni wako haji tena."

Dada alirudisha mpira wa zamani, mgeni akaja, akautoa, mgeni akaondoka, akafanya hivyo mara tisa, na mara ya tisa akaketi kwenye kiti, akavua miwani ya kinga, akamwambia Mzee Skrubu, "Tumemwandikia grisi ripoti ya kurasa kumi na nne." Mzee Skrubu ndiye aliyenisimulia, na alisema walicheka, wote wawili, kisha dada akaacha kucheka na yeye bado anacheka, akaona aibu.

Mkuu wa idara wa wakati ule, ambaye sasa hayupo nchini, alimwita akamwambia kwamba hakuna aliyelalamika, kwamba mradi ndio umeanza, na kwamba wahenga walisema funika kombe mwanaharamu apite. Dada akamjibu, "Mwanaharamu huyu hapiti, mzee, ameingia vitabuni." Mkuu akamwuliza, "Lakini nani anajua?" Akasema, "Mimi najua, fundi anajua, na mpira unajua, hao ni watatu." Yalipofika kwangu, nami nilimshauri anyamaze, naliweka hili wazi mbele yenu, nilikwenda kwake Jumapili, nikamwambia ana mtoto wa kulea na jina la kulinda, na kwamba kosa halikuua mtu. Aliniacha nimalize. Kisha akasema, "Kuna vijana huko duniani wameacha kazi zao wanaitafuta molekuli hiyo kwa sababu mimi nilisema nimeiona. Mtu akijenga juu ya kitu nilichokiona, na kumbe sikukiona, atakuwa amejenga wapi?" Nikanywa chai yangu nikaondoka, na leo, mbele ya jeneza lake, naomba radhi.

Tarehe 14 Januari 2013 aliandika barua ya kuifuta ripoti yake mwenyewe, kwa jina lake, bila kumtaja fundi wala mwanafunzi yeyote. Mradi alipewa mwingine, wanafunzi watatu kati ya wanne walihamia kwa wasimamizi wengine, naye akaongezewa vipindi vya kufundisha mwaka wa kwanza, asubuhi na jioni, katika ukumbi ambao vipaza sauti vyake havikufanya kazi. Kijana mmoja kwenye mkutano alimtambulisha kwa wenzake kama Dokta Grisi, mbele yake, naye akampa mkono akasema, "Ndiye mimi." Shemeji anasema katika miaka ile alikuwa akirudi nyumbani, anakaa kwenye ngazi ya nje bila kuvua viatu, na akiulizwa ana nini anasema anapumzika.

Ila hakuacha. Kuanzia 2014 yeye na Mzee Skrubu walitengeneza upya kifaa cha kupimia, bila mpira, bila gundi, bila grisi, kioo kwa kioo na chuma kwa chuma, kilivuja miaka miwili, wakakirudia, na Oktoba 2018 kikaacha kuvuja. Mwaka uliofuata, akiwa na mwanafunzi mmoja tu, mpya, alifaulu kuzifuata molekuli za kaboni monoksaidi zikiachia platini, zinaanzia wapi na kwa umeme kiasi gani, akaona kwamba hazibanduki zote kwa pamoja, zinaanzia kingoni, pale uso wa platini unaposhuka kama ngazi, halafu zilizo katikati zinasogea kujaza nafasi, nazo zinaondoka. Safari hii hakuandika. Alituma vipande vya platini kwenye maabara mbili za mbali, akaomba wapime bila kuwaambia yeye ameona nini, akasubiri miezi kumi na mitatu, na majibu yalipokuja yanafanana, tarehe 2 Novemba 2020, akampigia simu Mzee Skrubu kabla ya kumwambia mtu mwingine, akasema, "Yupo. Huyu yupo kweli."

Kutokana na kazi hiyo wenzake walitengeneza elektrodi zenye kingo nyingi zaidi, na Aprili 2022 kifaa cha kwanza cha majaribio kiliunganishwa na jokofu la chanjo katika zahanati moja, jokofu nililolifunga mimi, na nilijivunia, nikawaambia watu wote. Kilifanya kazi siku kumi na tisa kikafa. Nilimpigia simu nikiwa nimenyong'onyea, nikampa pole, akasema, "Pole ya nini? Siku kumi na tisa! Tulitegemea sita." Cha pili kilikwenda miezi minne. Cha tatu mnaweza kuwauliza wenyewe wa taasisi, wamo humu, mimi niliacha kuhesabu.

Sasa ugonjwa. Tarehe 12 Februari mwaka huu, marehemu alipita dukani kwa mume wake kubadilishiwa skrubu ya miwani, na shemeji, ambaye kazi yake ni kutazama macho ya watu, alimweka chini ya taa akaona weupe wa macho yake umegeuka njano, akamwambia avae kiatu vizuri waende hospitali. Tarehe 26 Februari daktari bingwa aliwaeleza kwamba ni saratani ya kongosho, imekwisha kusambaa kwenye ini, upasuaji wa kuiondoa hauwezekani. Tarehe 4 Machi aliwekewa mrija wa kufungua njia ya nyongo, njano ikapungua, na kuanzia mwezi huo alipata dawa za dripu kila baada ya wiki mbili, siku za Alhamisi, na siku za Jumatatu alikuwa maabara, akiwa amejifunga kitambaa kichwani na ana kiti cha kuegemea ambacho Mzee Skrubu alikiwekea magurudumu. Mara ya mwisho kushuka ngazi zile ilikuwa tarehe 22 Julai. Wenzake wanasema siku hiyo hakuaga, alimwambia mwanafunzi wake aandike joto la chumba, mwanafunzi akasema ameshaandika, akamwambia aandike tena.

Alilazwa tarehe 21 Septemba, wodi ya tatu, kitanda cha dirishani, na kesho yake binti yake alitimiza miaka ishirini, wakakata tunda la papai badala ya keki kwa sababu lilikuwa ndilo pekee ambalo mama aliweza kulionja. Alipokuwa na nguvu alisahihisha sura ya nne ya kitabu cha utafiti cha mwanafunzi wake, kwa penseli, kurasa sita kwa siku, halafu tatu, halafu moja, na sura hiyo imekamilika. Mimi nilikuwa nikifika kila siku saa saba mchana baada ya kazi za asubuhi. Mngependa niwaambie kwamba aliniachia neno kubwa, na mimi ningependa, lakini Jumatatu, tarehe 7 Oktoba, alifumbua macho akaniuliza kama nimeegesha gari kivulini, nikamwambia ndiyo, akasema, "Vizuri," akayafumba, na hilo ndilo la mwisho kusema nami.

Alifariki Jumanne, tarehe 8 Oktoba 2024, saa nne na dakika ishirini asubuhi, mume wake akiwa upande wa kulia, binti yake upande wa kushoto, mimi miguuni, akiwa na umri wa miaka hamsini na sita, miezi minane na siku tano. Tuliambiwa tusubiri karatasi. Nikiwa nimekaa kwenye benchi nilisikia jokofu la dawa katika chumba cha wauguzi linaunguruma vibaya, nikainuka, nikaomba ruhusa, nikalifungua nyuma, feni yake ilikuwa imesongwa na vumbi, nikalisafisha, nikakaza waya mmoja, ilinichukua dakika arobaini, na sasa linashika nyuzi nne bila shida. Muuguzi mkuu aliniuliza nimetumwa na nani. Nikamwambia sijatumwa, nimefiwa. Akaniletea maji.

Marehemu ameacha mume, binti mmoja, mdogo mmoja, wifi yake ambaye ni mke wangu, na watoto wangu wawili waliomwita shangazi.

Familia inawashukuru daktari bingwa na wasaidizi wake, ambao tangu siku ya kwanza hawakutudanganya, wauguzi wa wodi ya tatu, hasa yule wa zamu ya asubuhi aliyemchana nywele zilizobaki kana kwamba ni nyingi, na mchukuzi wa machela aliyesimama kidogo kwenye kila tuta asimtikise. Tunawashukuru majirani wa jengo letu, mama wa ghorofa ya chini aliyefua mashuka yetu wiki mbili na hakutaka tumwone akifanya hivyo, fundi viatu wa mkabala aliyekuwa akimsindikiza binti yetu kituoni, na ninyi mliokuja kukaa nasi bila kusema kitu, mlifanya vyema, kwani hatukuwa na pa kuyaweka maneno. Shemeji ameniomba nimshukuru kila mmoja kwa niaba yake, yeye mwenyewe hajazungumza tangu Jumanne, isipokuwa leo asubuhi aliniuliza kama chai ina sukari, nikamwambia inayo, akasema haya.

Tunawashukuru wenzake wa taasisi, Mzee Skrubu, na mwanafunzi wake wa mwisho. Kuhusu huyu nina jambo la kusoma, binti wa marehemu ameniandikia hapa chini kwa mkono wake. Siku ya Jumatano, siku moja baada ya msiba, leza ilikuwa imepangiwa zamu, na hawakujua kama waizime au waendelee, wakaendelea. Mchana ule ujumbe uliingia kwenye simu ya marehemu, kama ulivyokuwa ukiingia kila siku ya vipimo kwa miaka mitano, unasema, "Dokta, tumepima mara tatu leo, mstari umetokea palepale." Mwanafunzi alipokwisha kuutuma ndipo alipokumbuka, akakaa chini sakafuni, Mzee Skrubu akamkuta hapo. Simu ilikuwa mikononi mwa binti. Hakujua maana ya mstari, wala palepale ni wapi, akausoma kwa sauti kando ya kitanda cha mama yake nyumbani, kilichokwisha kutandikwa, halafu akajibu kwa neno moja, akaandika, "Imefika."

Dada yangu, imefika. Pumzika sasa, upumzike kwa amani.